Bodi ya ATmega328P inakula 0.94 mA ikiwa usingizini: mkondo unavujia wapi?

kisima_tz

Wakuu, heshima kwenu.

Bodi yangu inapima joto la maji kwenye bwawa la samaki na kutuma kwa redio ya LoRa kila baada ya dakika 15. Vilivyomo:

– Bodi ya Pro Mini ya 3.3 V, 8 MHz, yenye chipu ATmega328P (familia ya AVR). Taa ya pawa na regulata iliyokuja nayo nimeshaving'oa.
– Regulata mpya ni MCP1700-3302E.
– Betri moja ya 18650, 2500 mAh, yenye kibodi cha ulinzi.
– Moduli ya redio ya Ra-02 (chipu ya SX1278).
– DS18B20, sensa ya joto ya waya: data iko D4, VDD iko 3.3 V moja kwa moja, na rezista ya 4.7k inavuta data kwenda 3.3 V.
– Kigawanya volti cha 10k na 10k kutoka betri kwenda A0.
– Kapasita ya maji (elektroliti) 470 µF upande wa 3.3 V.

Kabla ya kulala programu inaita `LoRa.sleep()`, inazima ADC (kipimia volti cha ndani), halafu pini zote isipokuwa za LoRa na A0 inazifanya OUTPUT na LOW kama wengi wanavyoshauri. Kisha inaingia power-down (usingizi mzito), na watchdog (kipima muda cha ndani) inaiamsha kila sekunde 8.

Datashiti inasema 0.1 µA. Multimita inasema 0.94 mA, betri ikiwa 4.1 V. Kwa hesabu hiyo betri haifiki miezi minne.

Swali la pili: jamaa ananiambia nihamie chipu ya kisasa yenye nanomita chache kwa sababu "ndogo inakula kidogo". Je, na usingizini ni hivyo?

---

fundi_saketi

Mkuu, chipu yako haina kosa. Chukua kalamu, sheria ya Ohm inakutosha.

DS18B20 kwanza, maana ndiyo mla nyama. D4 umeifanya LOW, na upande wa pili wa ile 4.7k upo 3.3 V. 3.3 ÷ 4700 = 702 µA. Mkondo huo unapita kwenye rezista, unaingia D4, unaishia graundi usiku na mchana. Ushauri wa "weka pini zote OUTPUT LOW" unafaa pini isiyounganishwa na kitu. Pini yenye rezista ya kuvuta juu ukiivuta chini umefungua bomba.

Kigawanya volti: 4.1 ÷ 20,000 = 205 µA. Hicho hakilali kamwe.

BOD, yaani mlinzi wa volti kushuka: kama 20 µA kwenye 3 V. Hukuitaja, kwa hiyo naamini ipo hai.

Watchdog 4.2 µA, MCP1700 1.6 µA, kapasita mikroampea chache. Jumlisha: 702 + 205 + 20 + 4.2 + 1.6 na kapasita, unatua pale pale kwenye 0.94 mA.

Marekebisho:

1. Toa VDD ya DS18B20 kwenye 3.3 V, ipeleke D7. Mguu wa juu wa ile 4.7k nao uhamie D7. Ukitaka kupima, D7 HIGH, subiri milisekunde chache, pima. Ukimaliza, D7 LOW na D4 LOW. Sasa pande zote mbili za rezista ni sifuri, hakuna kinachopita. DS18B20 inahitaji kama 1 mA hadi 1.5 mA wakati wa kupima, pini inamudu bila wasiwasi.

2. Kigawanya weka 1M na 1M, na kapasita ya seramiki ya 100 nF kutoka A0 kwenda graundi. Kinabaki 2 µA. Bila hiyo 100 nF usomaji utakuwa wa uongo, kwa sababu ADC ya AVR inapenda chanzo cha 10k au chini. Kapasita ya ndani ya kuchukulia sampuli ni kama 14 pF tu, hivyo 100 nF inaijaza bila yenyewe kushuka kwa kiasi cha kuonekana. Washa bodi, subiri nusu sekunde, ndipo usome.

Kuna ujanja mwingine unaozagaa: kuikata graundi ya kigawanya kwa pini. Usiufanye hapa. Ukiiacha pini hewani, A0 inapanda hadi volti ya betri, 4.1 V, wakati chipu ina 3.3 V. Dayodi ya ulinzi ndani ya pini inafunguka, na kwa 10k unapata kama 30 µA zinazoingia kinyumenyume kwenye laini ya 3.3 V. Umefunga dirisha, mwizi kaingia mlangoni.

3. BOD izime kwa programu, mstari wa mwisho kabisa kabla ya kulala:

```
cli();
sleep_enable();
sleep_bod_disable();
sei();
sleep_cpu();
```

Mpangilio huo ni wa lazima. Ukishaita `sleep_bod_disable()` una mizunguko mitatu tu ya saa kuingia usingizini. Ukichomeka kitu kingine katikati, BOD inarudi na hutaambiwa. Hakikisha pia chipu ina herufi P mwishoni. ATmega328 isiyo na P haina biti ya kuizima BOD kwa programu, na njia pekee inabaki kuizima kwenye fyuzi (mipangilio ya kudumu ya chipu) ya extended (0xFF). Hiyo siipendi: betri ikishuka taratibu, chipu isiyo na BOD inaweza kuharibu kumbukumbu ya EEPROM wakati inakata roho.

---

mita_haidanganyi

Aliyosema fundi ni sahihi, ila ukishateremka chini ya 50 µA namna ya kupima nayo inakuwa tatizo.

Multimita kwenye renji ya µA ina rezista ya ndani, mara nyingi kama ohmu 100. Bodi ikilala kwa 10 µA inapoteza 1 mV, si kitu. Ikiamka na LoRa ikatuma kwa nguvu ya 17 dBm inataka kama 87 mA, na ohmu 100 haziwezi kuipitisha. Volti inaanguka, chipu inajiwasha upya, na wewe unabaki kusoma namba ya bodi inayokufa na kufufuka ukidhani ndiyo ya usingizi.

Fanya hivi: weka swichi ndogo sambamba na multimita. Washa bodi swichi ikiwa imefungwa, iache itume, ilale, kisha fungua swichi na usome ndani ya zile sekunde 8. Ifunge tena kabla haijaamka kutuma.

Kama multimita yako haina renji ya µA ya kuaminika, tumia kapasita. Weka 1000 µF kwenye 3.3 V, bodi ikishalala chomoa betri na regulata, hesabu sekunde. Mkondo ni uwezo wa kapasita mara volti iliyoshuka, gawanya kwa muda. Ikishuka kutoka 3.3 V hadi 3.2 V kwa sekunde 20: 0.001 × 0.1 ÷ 20 = 5 µA. Lakini kwanza pima kapasita ikiwa peke yake, ujue yenyewe inavujisha kiasi gani. Multimita ya megaohmu 10 nayo inanywa 0.33 µA, kwa hiyo iguse mwanzo na mwisho tu, usiiache imeng'ang'ania.

Kuhusu ile 470 µF ya maji: watengenezaji wengi wanaahidi uvujaji usiozidi 0.01 × C × V, ambapo V ni volti iliyoandikwa kwenye kapasita; yako ikiwa ya 6.3 V, ni hadi 29.6 µA. Kwa kawaida ni chini ya hapo, lakini kapasita iliyokaa dukani muda mrefu huanza na uvujaji mkubwa, na hupungua ikishakaa kwenye volti. Usiamini namba ya dakika ya kwanza. Subiri robo saa.

---

bi_silikoni

Nijibu swali la pili, kwa sababu kauli ya "ndogo inakula kidogo" ni nusu ya ukweli.

Mkondo wa chipu una mafungu mawili. La kwanza ni la kazi: kila transista inapogeuka inajaza na kumwaga kapasita ndogo. Nguvu yake inafuata uwezo wa kapasita, volti kwa kipeo cha pili, na kasi ya saa. Hapo kweli ndogo inashinda, kwa sababu kapasita na volti vyote vinapungua.

La pili ni la uvujaji, nalo halijali kama chipu inafanya kazi. Transista ya MOS "iliyozimwa" haijazimwa kama swichi ya ukutani. Geti likiwa sifuri, bado kuna elektroni chache zenye nishati ya kuruka kizingiti. Idadi yao inabadilika kwa kuzidishana: kwenye joto la chumba, hata transista kamilifu inahitaji milivolti 60 za geti ili kupunguza mkondo mara 10, na za kawaida zinahitaji 80 hadi 100. Sasa ili chipu ndogo ikimbie kwa volti ndogo, wahandisi walilazimika kuteremsha volti ya kizingiti. Ukiiteremsha kwa milivolti 100, umeongeza uvujaji karibu mara 10 kwa kila transista, na transista zenyewe ni mamilioni. Ongeza kwamba njia kati ya sosi na dreni imekuwa fupi mno, kiasi kwamba volti ya dreni yenyewe inasaidia kukishusha kizingiti.

Mlango wa pili wa uvujaji ni geti. Oksidi ya silikoni ilipofika unene wa kama nanomita 1.2, elektroni zilianza kupenya moja kwa moja. Ndiyo maana mwaka 2007 Intel, kwenye 45 nm, ilibadili oksidi hiyo kwa kizio cha hafnium na geti la metali. Kizio kinene zaidi, nguvu ya geti ileile.

Wabunifu wa chipu wanapambana hivi: njia za ishara zisizo na haraka hupewa transista zenye kizingiti cha juu, na zile za haraka tu ndizo hupewa cha chini. Transista mbili zilizozimwa zikipangwa mfululizo huvujisha kidogo kuliko moja, kwa sababu sehemu ya katikati hupanda volti kidogo na kuibana ile ya juu. Kuzima saa kwenye sehemu isiyotumika kunaokoa umeme wa kazi tu, uvujaji unaendelea kama kawaida. Dawa kali ni kukata umeme wa sehemu nzima kwa transista kubwa ya PMOS iliyowekwa kati yake na chanzo.

Mfano ulio mezani mwa wengi ni ESP32. Hiyo ni chipu ya 40 nm, na kwenye deep sleep inashuka hadi kama 10 µA kwa sababu kiini na RAM kubwa vimekatiwa umeme kabisa. Kinachobaki ni sehemu ya RTC (saa ya ndani) na kumbukumbu yake ndogo. Ndiyo sababu ikiamka inaanza programu tangu mwanzo, na vigezo vyako vimepotea isipokuwa ulivyoviweka kwenye kumbukumbu ya RTC. ATmega328P haihitaji hilo: inabaki na RAM yote na kuendelea mstari uliofuata, kwa 0.1 µA. Kwa kazi yako ya kulala dakika 15 na kuamka sekunde moja, usihame.

---

kisima_tz

Asanteni sana. Nimehamisha DS18B20 kwenda D7, kigawanya ni 1M + 1M na 100 nF, BOD imezimwa. Kwa tahadhari nikafanya pini zote zilizobaki kuwa INPUT, zikiwemo za LoRa, ili zisilishe chochote.

Sasa nasoma 24 µA, lakini haitulii. Mara 19, mara 31. Nikisogeza mkono karibu na moduli inaruka.

---

fundi_saketi

Kuruka kwa mkono ni pini inayoelea. Washa rezista za ndani za kuvuta juu kwenye pini zote za AVR.

---

bi_silikoni

Hapo sikubaliani na fundi. Kwenye power-down, AVR hii yenyewe inaibana ingizo ya kila pini kwenye graundi, kabla ya sehemu inayoamua sifuri au moja. Pini inayoelea haina madhara kwa AVR iliyolala, isipokuwa ile uliyoiwezesha kwa interrupt (ishara ya kuiamsha chipu), kwa mfano pini DIO0 ya moduli ikiwa D2. (Anayetumia chipu za STM32 asichukue hili: kule pini za ziada zifanye analogi, la sivyo zitakula.)

Kinachoelea ni upande wa pili. NSS, SCK, MOSI na RESET ni ingizo za SX1278, na AVR ndiyo iliyokuwa inazishika. Umeziachia. Ingizo ya CMOS ni transista mbili, PMOS juu na NMOS chini. Ikiwa karibu na nusu ya volti zote mbili zinafunguka kidogo na mkondo unapita moja kwa moja toka chanzo hadi graundi. Mkono wako ni antena inayoisogeza ingizo juu na chini.

NSS iache OUTPUT HIGH. SCK na MOSI OUTPUT LOW. RESET ishikilie HIGH. MISO ndiyo moduli inaiachia wakati NSS ipo juu, lakini kama nilivyosema, AVR iliyolala haijali.

Usije ukafanya kinyume siku moja, yaani kuikatia moduli umeme huku pini za AVR zipo HIGH. Umeme utapita kwenye dayodi za ulinzi za moduli na kuilisha kwa mlango wa nyuma. Dalili yake: unapima VDD ya kifaa "kilichozimwa" na kukuta kama 2.7 V.

---

fundi_saketi

Nimekubali, nilikuwa nafikiria STM32.

---

kisima_tz

9.4 µA, imetulia kama maji ya mtungini. Mkono hauisumbui tena.

La mwisho: boksi litakaa juani, ukanda wa pwani, juu ya nguzo. Nitegemee nini? Na je, nihangaike kuishusha hadi 5 µA kwa kutumia saa ya nje badala ya watchdog?

---

mita_haidanganyi

Joto: uvujaji wa silikoni huongezeka karibu maradufu kwa kila nyuzi 10. Boksi lililofungwa likipigwa na jua linaweza kufika 65, yaani nyuzi 40 juu ya ile 25 ya datashiti, sawa na mara 16. ATmega yako iliyolala itatoka 0.1 µA hadi kama 1.6. Ndiyo maana datashiti hiyohiyo ina safu ya pili inayosema 2 µA ndiyo kikomo, watchdog ikiwa imezimwa. Watu husoma safu ya kwanza tu. Kwako nyongeza hiyo inavumilika. Boksi liwe jeupe na liwekewe kivuli kwa sababu ya betri zaidi kuliko chipu.

Unyevu wa chumvi ndio wa kuogopa. Sasa kigawanya chako ni megaohmu, na mabaki ya flaksi ya kuchomelea yakinyonya unyevu yanaweza kufika megaohmu pia. Njia ya 1M kati ya 3.3 V na graundi ni 3.3 µA, na karibu na A0 itakupotoshea usomaji wa betri kabla hujaona mkondo umeongezeka. Osha bodi kwa pombe ya isopropili na mswaki laini, hasa chini ya moduli na kuzunguka zile 1M. Ikaushe kabisa, kisha paka vanishi ya bodi, ukiacha wazi kiunganishi cha antena. Kupaka juu ya uchafu ni kuufungia ndani. Waya wa DS18B20 uingie kutoka chini ya boksi na ufanye tumbo kwanza, matone yaishie hapo.

Kuhusu 5 µA, fanya hesabu ya mzunguko mmoja wa sekunde 900. Usingizi: 9.4 µA × 900 = 8.5 mA-sekunde. DS18B20 kwa biti 12 inachukua 750 ms. AVR ikikaa macho ikisubiri kwa kama 4 mA, pamoja na sensa yenyewe, ni karibu 3.8. Kutuma kwa 17 dBm kwa 60 ms: 5.2. Jumla 17.5, wastani wa 19 µA hivi. Zaidi ya nusu ya matumizi si usingizi tena. Punguza sensa iwe biti 10, 187.5 ms, bado una robo ya nyuzi, samaki hawadai zaidi. Au ilaze AVR wakati sensa inapima.

Halafu tazama betri. 18650 ikipoteza asilimia 2 tu kwa mwezi peke yake, hiyo ni 50 mAh, sawa na karibu 69 µA mfululizo. Kibodi cha ulinzi chenye chipu ya DW01 nacho kinakula kama 3 µA, na wewe umepima baada yake kwa hiyo hukuiona. Zile 4 µA za watchdog ziache.

---

kisima_tz

Nimeweka biti 10 na kuilaza AVR wakati wa kupima. Ila watchdog mbona inachelewa? Mizunguko 112 ya sekunde 8 ilitakiwa iwe 896, napata kama 960.

---

fundi_saketi

Oskileta ya watchdog ni 128 kHz ya kukadiria tu, inahama kwa volti na joto. Usitafute usahihi hapo. Ilinganishe na `millis()` kwa mzunguko mmoja kila unapowasha bodi, upate sekunde halisi za ule mzunguko, ugawe 900 kwa namba hiyo. Ukiona mchana inapishana sana na usiku, rudia kulinganisha kila baada ya saa chache. Inakugharimu sekunde 8 za AVR kuwa macho, hivyo usifanye kila mara.